Niliyojifunza kwa fundi wa mbao kwenye nyumba za kale za Lamu

Watu wakisikia nlifanya kazi ya useremala makumbusho ya Lamu, swali lao ni lile lile, ati ulichonga ile milango? Hapana jamani. Milango nimeigusa, nimeing'oa, nimeilaza chini nikaisugua kwa mswaki wa meno mpaka vidole vikachubuka, lakini nakshi ni kipande kidogo sana cha kazi, na mimi kama mwanafunzi nlikaa muda mrefu kabla sijaruhusiwa hata kusogeza patasi karibu na ua lolote la nakshi. Kazi yenyewe asilimia kubwa ni maji. Kutafuta maji yanaingilia wapi, yanapita wapi, yanalala wapi, halafu ndo unakuja kwenye mbao. Naandika haya manake nyumba nyingi za mawe mwambao wote huu zinakarabatiwa saa hizi na naona watu wanatia mbao mpya leo, baada ya misimu miwili mitatu zimeoza tena, wanalaumu mbao.

Nlikuja Lamu na cheti cha greidi tatu kutoka politekniki ya vijana upande wa Malindi. Kitanda najua, kabati najua, milango ya flashi ya plaiwudi nimetengeneza mpaka nikaota. Nyumba za kale nlikuwa nazipita tu. Mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, na makumbusho pale ina majengo kadhaa sio moja. Kuna lile jumba la ukingoni mwa bahari watu wanalolijua, kuna nyumba ya Waswahili ya karne ya 18 iko ndani mtaani, kuna ngome iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19 baada ya vita vya Shela na baadaye ikawa jela kwa miaka mingi, na kuna kijumba cha posta ya Wajerumani, manake Wajerumani walikuwa na ofisi ya posta Lamu kati ya 1888 na 1891, wengi hawalijui hilo. Yote ni mawe ya matumbawe na chokaa, na ndani yake yote yameshikwa na mti.

Fundi aliyenipokea tulimuita Ami, wote, mpaka maafisa wa ofisini. Mzee mwembamba, kofia yake haitoki kichwani, ukimsalimia asubuhi anakujibu huku macho yako juu kwenye dari. Siku za mwanzo sikupewa mbao kabisa. Nlipewa jiwe la kunolea na patasi zilizokaa miaka kwenye sanduku, zote zina kutu, ninoe. Nikimaliza anachukua moja anaijaribu kwenye unywele wa mkono wake, haikati, anairudisha bila kusema kitu. Nlidhani ananitesa tu, kumbe mbao za zamani zile, mbambakofi na msaji uliokauka zaidi ya miaka mia, patasi butu haikati, inavunja. Na ukivunja ukingo wa nakshi ya mtu aliyekufa kitambo hakuna wa kumuuliza alikusudia nini pale.

Sasa nieleze boriti, manake bila boriti huelewi chochote kwenye nyumba hizi.

Boriti ni miti ya mikoko. Wakata mikoko wana majina yao kwa unene, inaanza na fito, pau, mazio, boriti yenyewe, halafu nguzo. Mti wa mkoko ni mzito ajabu, ukiwa mbichi unazama majini, na mchwa hawaupendi sana. Lakini haupatikani mrefu na mnene na ulionyooka kwa pamoja. Kwa hivo chumba cha Kiswahili upana wake unakuwa mita mbili na nusu hivi, ikizidi sana inakaribia tatu, urefu ndo unaweza kwenda utakavyo. Ukiingia nyumba ile ya makumbusho unapita daka, yaani baraza la mlangoni, na tekani, kiukumbi cha kuingilia, unatokea kiwanda, ule ua wa wazi penye mwanga, halafu kumbi mbili, msana wa tini na msana wa yuu, mpaka ndani penye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, vyumba vyote vyembamba virefu vimelala sambamba. Wageni wanasema oh wasanifu wa zamani walipenda vyumba vyembamba. Walipenda wapi, mti ndo uliamua.

Juu ya boriti yanapangwa mawe bapa, juu ya mawe inamwagwa chokaa na kokoto inapigwapigwa mpaka inakuwa sakafu nzito. Nzito sana. Ukilala chini ukatazama juu unaona boriti zimepangwa karibu karibu, nyingine zimechongwa pembe nne zikapakwa rangi, nzuri, imara, hazina tatizo. Hapo ndo mtu anadanganyika. Boriti haiozi katikati pale unapoiona. Inaoza kichwani, ile shibiri moja au mbili iliyoingia ndani ya ukuta, ambapo hakuna jicho linafika.

Ami alinifundisha kukagua kwa kugonga. Unapanda ngazi, unagonga kwa mpini wa nyundo ukianzia katikati ukielekea ukutani, vile mtu anavyokagua nazi sokoni. Katikati inalia kavu, inajibu. Ukikaribia ukuta kama kichwa kimekwisha sauti inakufa. Halafu unachukua msumari mrefu ulionolewa unauchoma pale mti unapoingia kwenye chokaa, kwenye mti mzima unaingia ncha tu, kwenye mti uliobunguliwa unaingia mpaka mwisho na unatoka na unga wa kahawia wenye unyevu. Mara ya kwanza kuona msumari unazama wote kwenye boriti iliyobeba sakafu juu ya kichwa changu nlishuka ngazi bila kuambiwa. Ami akacheka, akasema, "Umebeba hivo miaka, leo ndo uanguke kwa sababu wewe umeujua?"

Mimi nlidhani hapo sasa tunaagiza boriti mpya tunaanza. Akaniuliza, maji yanatoka wapi? Nikamwambia Ami mimi naona boriti tu. Akanipandisha juu ya paa.

Huko juu ndo nlijifunza zaidi kuliko mahali pengine popote. Mapaa yale ni bapa, ya chokaa, yana mteremko mdogo ambao kwa macho huuoni, unamwaga ndoo ya maji unaufuata. Maji yanatakiwa yaelekee kwenye mrizabu yaruke nje mbali na ukuta. Basi tukamwaga ndoo. Maji yakaenda vizuri mpaka karibu na kona, yakasimama, yakazunguka, yakaanza kunywewa taratibu kwenye ufa mwembamba wa unene wa uzi. Mrizabu ulikuwa umeziba kwa majani na manyoya ya njiwa. Chini ya kona ile, ghorofa moja chini, ndo boriti yetu. Njia nzima ya maji ukiijua unaweza kuichora, paa, ufa, kichwa cha ukuta, tumbo la ukuta, kichwa cha boriti. Mti haukukosa kitu. Kuzibua mrizabu na kuziba ufa kwa chokaa ilikuwa kazi ya asubuhi moja, kubadilisha boriti ni kazi ya wiki na watu wengi, na ingekuwa tumebadilisha tu bila kupanda juu, ile mpya nayo ingeanza kunywa siku ile ile. Ule msemo wa usipoziba ufa tumeuzoea mpaka unaandikwa kwenye kanga, hatuusikii tena, ila kwa seremala wa Lamu ni maelekezo ya kazi tu.

Kubadilisha boriti kwenyewe kuna ufundi wake. Hunyanyui sakafu. Ukinyanyua hata kidogo, chokaa ya juu inapasuka na umeleta ufa mpya. Unashikilia tu. Tunasimamisha nguzo mbili chini kwenye ubao mpana ili zisitoboe sakafu ya chini, juu ya nguzo tunalaza mti unaopita chini ya boriti zote za jirani, halafu chini ya kila nguzo tunaingiza kabari mbili zinazotazamana, unagonga ya huku kidogo, ya huku kidogo, mpaka nguzo imekaza. Ukiipiga ngumi haitikisiki, basi, acha, usiongeze. Jeki ya gari tulikuwa nayo na Ami hakutaka kuiona pale, alisema jeki haina aibu, inasukuma tu haikwambii umefika. Halafu boriti mbovu inakatwa vipande inatoka. Mpya inaingiaje wakati ni ndefu kuliko chumba? Tobo la upande mmoja unalichimba kina zaidi, unaiingiza kwa mshazari mpaka ndani kabisa, unaisawazisha, unairudisha nyuma ikamate tobo la pili. Kuzunguka kichwa tunapachika vijiwe na chokaa, sio simenti, na tunaacha kinafasi hewa ipite.

Na sio kila mara inabadilishwa nzima. Kama kiwiliwili kizima na kichwa tu kimekufa, kuna kukata kichwa kwa mshazari mrefu na kuunga kipande kipya, au kuongeza boriti pembeni kusaidia ile ya zamani ikabaki mahali pake. Hili mimi lilinisumbua mwanzoni. Nimesomeshwa kwamba kibovu toa weka kipya, safi, mteja anafurahi. Kule swali linageuzwa, unaulizwa ni kiasi gani unaweza kukiacha. Afisa wa makumbusho anakuja na kamera na daftari anapima, anapiga picha kabla, katikati na baada, kila kipande kilichotoka kinaandikwa. Kipande kipya tunakiandikia mwaka kwa upande usioonekana. Mtu akija kufungua tena, na mimi sipo, ajue hiki ni cha lini.

Simenti sasa. Najua nitagombana na watu hapa lakini wacha. Jiwe la matumbawe lina matundu, linanyonya maji ya chini na chumvi ya bahari, halafu linapumua kupitia chokaa, maji yanatoka taratibu yanakauka. Ukipiga plasta ya simenti juu yake umelifunga mdomo. Nje ukuta unaonekana mkavu, laini, umenyooka, mwenye nyumba anakusifu. Ndani maji yanapanda yakitafuta pa kutokea, na pa kutokea palipobaki ni mti, miimo ya mlango, vichwa vya boriti, viunzi vya madirisha. Nimeona ukuta uliopigwa simenti chini mpaka kiunoni, unyevu umeruka ile simenti ukatokea juu yake, chokaa inavuvumka inadondoka unga kwenye kitanda. Na simenti ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, ukitaka kuibandua inaondoka na uso wa jiwe. Chokaa unaweza kuikosea ukarudia. Shida ya chokaa ni subira, matumbawe yanachomwa juu ya magogo ya mikoko na minazi, inamwagiwa maji, inalazwa wiki nyingi kabla haijatumika, na kontrakta ana tarehe. Simenti inashuka jetini asubuhi, punda anapanda nayo, jioni ukuta umekwisha. Naelewa kabisa kwanini watu wanaichagua.

Kulikuwa na nyumba moja ya watu mtaani, sio ya makumbusho, Ami aliombwa akaitazame. Mwenyewe mama mtu mzima anaishi na wajukuu. Tukapiga hodi, Ami akamwambia, "Sabalkheri bi mkubwa, nimekuja na kijana wangu." Akatukaribisha kahawa kwanza, Lamu huanzi kazi bila kahawa. Dari ya msana ilikuwa imeinama inaonekana kwa macho. Amepewa bei na fundi mwingine ya kubomoa dari yote aweke zege na nondo, pesa nyingi, watoto wake walioko Gulf walikuwa wanachangishana. Ami hakusema zege ni mbaya wala nini. Akauliza tangi liko wapi. Bi mkubwa akasema juu. Tukapanda, tangi la plastiki la maji limekaa katikati kabisa ya chumba, pale boriti zinapochoka zaidi, na bomba lake linadondosha pale pale usiku na mchana. Tangi la lita elfu moja likijaa ni tani nzima, mti wa mkoko uliowekwa kubeba sakafu na watu waliokaa juu ya mkeka, leo umebebeshwa tani moja na maji ya kunywa bure. Tangi likahamishwa juu ya ukuta mnene kwenye pembe, bomba likatengenezwa, boriti chache zikabadilishwa. Dari ile haijanyooka mpaka leo, imeinama vile vile. Bi mkubwa alilalamika hilo, akasema mbona bado inaonekana mbaya. Ami akamjibu kwamba na sisi wawili tumeinama na bado tunatembea. Alicheka lakini sidhani aliridhika, wageni wake wakija bado anawaonyesha.

Milango ndo watu wanataka kusikia, haya.

Mlango wa kale hauna bawaba. Kila kipande kina kidole cha mti juu na chini kinachozunguka ndani ya tundu la kizingiti. Vipande ni viwili, na katikati kuna ule mti wa kusimama, mfaa, uliopigiliwa kwenye kipande kimoja kwa nje ukafunika ukingo wa mwenzake. Kwa kuwa mlango unafunguka kwenda ndani, kile kipande kisicho na mfaa ndo lazima kitangulie, ukisukuma kile chenye mfaa kwanza kinagonga mwenzake. Nasema hivi kwa sababu kila siku mgeni mmoja alikuwa anasukuma kipande kisicho chake kwa nguvu na kuharibu vidole vya mti ambavyo ni kazi kweli kuvitengeneza, unatakiwa uutoe mlango wote, watu wanne, uulaze juu ya magunia.

Mlango unaoza chini, siku zote chini. Maji ya mvua yanarukia, maji ya kufagilia yanamwagwa, punda anapita na mzigo wake anakwaruza. Ule mwimo nlioshiriki kuuokoa ulikuwa mzima kuanzia goti kwenda juu, nakshi zake kali zimekaa utadhani za jana, na chini ulikuwa sifongo. Tukausafisha, tukauchoma msumari kidogo kidogo mpaka tukapata mpaka wa mti mzima, Ami akachora mstari kwa penseli. Nikategemea atakata mraba. Akakata mshazari wenye hatua katikati ili kipande kipya kikikaa kijifunge chenyewe na uzito wa juu ukibane badala ya kukisukuma nje. Mbao ya kuunga ilitoka kwenye kizingiti cha zamani kilichoharibika kilichowekwa stoo, manake mbao mpya ikiungwa na ya zamani inaendelea kukauka na kusinyaa peke yake, mwenzake alishamaliza zamani. Vigingi vya mti badala ya misumari. Ule mwambao wa chumvi, msumari wa chuma unakula kutu, kutu inavimba, mti unapasuka kutokea ndani, nimetoa misumari iliyovimba imekuwa minene kuliko kidole. Matundu tulitoboa kwa keekee, ile ya upinde na kamba wanayotumia mafundi wa majahazi Matondoni, sio kwa sababu ya mapenzi ya mambo ya kale, drili ya umeme tulikuwa nayo, ila keekee unasikia mkononi pale mti unapobadilika ukaacha kwa wakati.

Halafu kukazuka ubishi. Kipande kipya kiko wazi, hakina nakshi, na ua lililokuwa pale nusu yake ilikwishaoza na kupotea. Je tuchonge? Afisa alisema hapana, tuache wazi, tusimdanganye mtu kwamba hii ni kazi ya zamani, hatuna picha inayoonyesha lilivyokuwa. Ami akasema hapa Lamu uchongaji haujafa, kuna karakana ziko mtaani sasa hivi zinachonga, mimi nimejifunza kwa aliyejifunza kwa aliyechonga milango ya aina hii, kwa nini nijifanye sijui ua linaishia wapi? Akataja Muhamadi Kijumwa, yule mshairi na mwandishi wa miswada wa Lamu ambaye alikuwa pia mchonga milango, akasema yule angekuta kipande kitupu angekiacha? Walibishana kwa adabu, kwa siku kadhaa, kila mmoja anamuita mwenzake bwana. Mwisho kilichongwa, kwa kina kidogo kuliko kile cha asili, ukisimama mbali hukioni, ukiinama karibu unakijua. Mimi mpaka leo niko upande wa Ami kwa Lamu, lakini kwa mahali ambapo ufundi umekatika, ambapo wa kuchonga angelazimika kubuni, naona afisa alikuwa na haki.

Jambo jingine ambalo hakuna darasa lililowahi kuniambia ni misimu. Ukikaza mlango wakati wa kaskazi, mti umekauka umesinyaa, unaingia vizuri unapendeza, njoo masika haufunguki, mwenye nyumba anaupiga teke. Ukiuweka masika ukauacha huru, kaskazi upepo unapita. Ami alikuwa anaangalia mwezi gani kabla ya kuchukua randa. Randa yenyewe alikuwa anapitisha mara mbili tatu tu, anaacha, anasema mti umalize kusema.

Ile siku ya 25 Disemba 2020 Beit al-Ajaib ilipoanguka Unguja, picha ziliingia kwenye simu zetu sote kwa wakati mmoja. Jumba la Sultan Barghash la 1883, na lilikuwa kwenye ukarabati, watu wawili walifariki. Ami aliitazama ile video mara nyingi bila kusema. Sisi vijana tulikuwa tunatafuta wa kulaumiwa kwenye makomenti, yeye alichosema ni kwamba jengo lile lilikuwa linameguka tangu 2012, kipande cha roshani kilianguka mwaka ule, kwa hivo lilikuwa limesema. Baada ya hapo kwa wiki nzima tulipanda mapaa yote ya makumbusho na ndoo za maji. Hakuna aliyetuagiza. Nadhani alikuwa na hofu, na ndo mara pekee nlimuona ana haraka.

Boriti nazo zimekuwa shida. Serikali ilipopiga marufuku kukata miti mwezi wa Februari 2018 iliwagusa hata wakata mikoko wa Lamu, watu ambao kazi yao ni hiyo kutoka kwa babu zao, na sisi tukakaa na dari zimeegemea nguzo tunasubiri. Mikoko imeharibiwa sehemu nyingi, sikatai, na bila mikoko hakuna samaki. Lakini nyumba hizi na msitu ule ni kitu kimoja, ukitaka dari za miaka mia mbili lazima mtu apande na mwingine akate kwa kipimo. Kipindi kile tulijifunza kuokoa kila kipande. Boriti iliyooza vichwa vyote viwili inakatwa inakuwa kizingiti cha dirisha, kilichobaki kinakuwa kigingi, kilichobaki hapo kinachemsha chai.

Kuhusu pesa nisidanganye mtu, mwanafunzi halipwi cha kusema. Posho, chai ya saa nne na mahamri na mbaazi, basi. Mafundi wazuri wengi wanaishia kuchonga vijimlango vya watalii na fremu za vioo kwa sababu vinalipa haraka. Bandari mpya ya Lamu ilipofungua gati la kwanza Mei 2021 vijana wawili nliokuwa nao walienda kutafuta kazi kule, siwalaumu, mmoja ana watoto. Mimi nliondoka baadaye, nafanya kazi zangu Malindi, na wateja wananiita niwape bei ya mbao nami naomba kwanza ngazi ya kupandia paani, wengine wanadhani namchunguzia jirani. Mmoja alinikataza kabisa kupanda, akasema nimekuita kwa milango sio kwa paa. Milango yake nilimtengenezea, nikamwandikia kwenye risiti kwamba mrizabu wa upande wa kusini umeziba.

Ami bado anapokea wanafunzi akipata mwenye subira. Uende na patasi zako mwenyewe na jiwe la kunolea, vya pale havitoshi, na viatu vya kupandia ngazi, ndara hataki kuziona.